Kipa Aliyebaki Hewani

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye kibaraza cha kompyuta yangu mpya, nimevaa suti ya harusi na ndara, nikisubiri kufunguliwa mlango.

Nieleze kwanza jambo ambalo nililijua hata nikiwa usingizini. Jirani yangu Mzee Kikoti alikuwa anahama Songea. Binti yake amejenga Iringa na anataka baba yake awe karibu, na basi lake lilikuwa liondoke leo asubuhi. Kikoti ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana vita, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wageni wako, nawe hununi.

Kati yetu kulikuwa na mechi ambayo haikuisha. Tulikuwa tunacheza mpira kwenye kompyuta yangu ya zamani, niliyoinunua baada ya kumaliza masomo ya jioni. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo, na nilifaulu vizuri. Cheti kiko ukutani, sebuleni. Siku hiyo tulifika kwenye penalti, tukiwa sawa. Kikoti akapiga ya mwisho, kipa wangu akaruka, umeme ukakatika. Kompyuta ile haikuwaka tena. Tangu hapo Kikoti anasema lilikuwa goli, mimi nasema kipa alidaka. Binti yangu Editruda aliniletea kompyuta mpya, lakini hii inaukataa mchezo kabisa, kwa sababu mchezo ulitengenezwa kwa ajili ya zile za zamani.

Ndiyo maana nilikuwa kibarazani. Kando yangu ulisimama mchezo wenyewe, mviringo kama diski yake, una mikwaruzo usoni kama mtu aliyenyolewa kwa wembe butu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mzee," kompyuta ikajibu kutoka ndani. "Wewe ingia. Huyo mwenzako simfahamu."

"Ni mgeni wangu."

"Naona midomo inacheza, lakini sisikii maneno. Tena sikutengenezwa kwa ajili yake."

Mchezo ukaninong'oneza: "Iambie naomba maji ya mtungi. Mtungi uko nyuma ya mlango, kulia."

Nikatafsiri.

"Kwangu hakuna mtungi," kompyuta ikasema kwa upole. "Kuna jagi. Liko mezani, kushoto."

Mchezo ukaanza kulia taratibu. "Nyumba zote nilizoishi, mtungi ulikuwa nyuma ya mlango, kulia."

"Mzee Mapunda, shikamoo," sauti ikasema juu yangu.

Nikainua macho. Paa halikuwepo. Kipa wangu alikuwa amelala hewani, mikono ameinyoosha, na mpira uko mbele kidogo ya kucha zake.

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, ila ubavu unaniuma. Tangu umeme ulipokatika nasubiri."

"Nani alikuambia usubiri?"

"Hakuna aliyeniambia nisisubiri." Akameza mate. "Mchezo ukifunguka hapo, nitashuka. Usipofunguka, mimi na mpira tutabaki hivi, na Mzee Kikoti atapanda basi."

Nikasukuma mlango, nikajikuta katika darasa langu la masomo ya jioni. Kompyuta imekaa kwenye meza ya mwalimu. Kipanya kinafuta ubao kwa mkia wake. Nikatoa cheti mfukoni, pamoja na fremu yake, nikakiweka mezani.

Kompyuta ikakisoma chote, mpaka muhuri. "Cheti kizuri," ikasema. "Kinaonyesha kwamba wewe unaruhusiwa. Yeye je?"

"Yeye ni ndugu yako. Nyote ni watu wa umeme."

"Ndugu yangu ningemjua kwa sauti."

"Basi mhesabu ni mgeni."

"Mgeni hula kilichopikwa, mzee. Huyu anataka mtungi."

Nikakaa kwenye dawati, nikafikiri. Mtu aliyesoma hafanyi haraka. Kipanya kikaandika ubaoni: *Tunasubiri.*

"Nyinyi wawili mliwahi kupigana?" nikauliza.

"Sana," ikasema kompyuta. "Editruda alipokuja Krismasi alitulazimisha tukae pamoja. Tulipigana jioni nzima. Mimi nilizimika, yeye akatapika maandishi mekundu."

"Basi jambo limekwisha. Kwetu waliopigana vita hawaachwi hivi hivi. Nyinyi ni watani."

Kompyuta ikazungusha feni yake. Kisha ikaugeukia mchezo, na kwa mara ya kwanza haikumtaka mkalimani.

"Wewe uso wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, unaingia au unataka kubebwa?"

Mchezo ukaacha kulia. "Naingia, wewe sanduku la kufugia vumbi. Mtungi uko wapi?"

"Nyuma ya mlango, kulia," ikasema kompyuta. Niliona kwa macho yangu: ikachukua jagi mezani, kushoto, ikalipitisha mgongoni mwake, ikalitokezea nyuma ya mlango, kulia.

Mchezo ukanywa. "Maji ya mtungi," ukasema. "Nilikuwa nimeyakosa."

Kompyuta ikanikonyeza kwa taa yake ya kijani.

Mara niko uwanjani. Nyasi zina umande. Vitufe vya kibodi vimejaa jukwaani, kila kimoja kimevaa herufi yake, na kile cha kudakia kimehamia kiti cha nyuma kabisa. Refa ni begi la safari la Kikoti, lile la kahawia lililofungwa kamba. Mpira unaanza kusogea, polepole, kama mtu anayetoka kitandani.

"Mzee," kipa anasema, "naufikia kwa kucha tu. Nikiuparaza, umeshinda. Nikichelewa, ameshinda yeye. Nifanyeje?"

Nautazama mpira. Nikishinda, Kikoti atapanda basi amenuna. Akishinda yeye, atapanda anaimba. Kwa vyovyote atapanda, na baada ya hapo hakuna kitakachomrudisha Songea. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, nyumba ameuza. Kitu pekee alichobakiza hapa ni mpira huu.

"Usidake," nasema. "Wala usiuachie."

Naingia uwanjani na ndara zangu. Nanyoosha mikono yote miwili, nauchukua mpira hewani, unanukia nyasi mbichi, nauweka kwapani.

Begi linapiga filimbi. "Mzee Mapunda, hiyo siyo kanuni."

"Siyo ya mpira," nasema. "Ni ya utani. Mtani akisafiri, mtani mwenzake anakamata mzigo wake mpaka aje aukomboe."

Begi linafikiri. Kisha linajifunga zipu lenyewe, na hilo nalichukua kuwa ndiyo.

Kipa anaanguka chini, anajinyoosha, analala ubavu. "Asante," anasema, na anaanza kukoroma.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nikanawa uso na mikono kwa sabuni, kama kawaida yangu, nikaenda sebuleni. Kompyuta ilikuwa inawaka, na mchezo umefunguka. Kwenye kioo kulikuwa na uwanja wa kijani. Kipa amelala ubavu karibu na goli. Wachezaji wengine wanazunguka wakitazama chini, kama watu waliodondosha ufunguo. Mpira haupo.

Kikoti akaingia bila hodi, begi mkononi. "Mngoni, bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, unionyeshe njia."

Akaona kioo. Akaweka begi chini, akavaa miwani.

"Goli langu liko wapi?"

"Hakuna goli. Mpira nimeukamata. Unasafiri, na mimi ni mtani wako. Utaukomboa kwa galoni la ulanzi."

"Mtu mzima unakamata mpira wa kwenye kioo."

"Nimeukamata."

Akavua miwani. "Basi nitatuma hilo galoni kwa basi."

"Ulanzi ulitumwa kwa basi lini?"

Mhehe hahitaji kuelezwa habari za ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Ukifungwa unachemka, unapasua chombo. Hauwekwi kwenye buti. Lazima mtu aupakate njia nzima, akilegeza kifuniko kila mara, mpaka afike mwenyewe mlangoni.

Kikoti akachukua begi lake. "Wezi tangu babu zenu," akasema. Mlangoni akageuka. "Mvua zikianza ndiyo unagemwa vizuri. Sikuletei uliochacha, ukaniharibia jina."

"Mvua zikianza," nikasema.

Tukapeana mikono, nikamsindikiza hadi kwenye ua. Akashika njia ya kwenda stendi. Alipofika kwenye kona alipeleka kiganja puani, akakinusa, akasimama. Akainama akatazama chini ya viatu vyake, kama mtu anayetafuta alikanyaga nyasi wapi. Kisha akanusa tena, akaendelea na safari.