Ukuta Hauna Goti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Bana Kaluba, yaani mama Kaluba, alikuwa ameshafunga goti. Alilifunga kila siku namna ileile: kwanza kitambaa cha maji ya moto, kisha kipande cha kitenge kikuukuu, azungushe mara nne, fundo likae upande wa nje lisimkate akikunja mguu. Halafu akajifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, maana mwanamke wa heshima hatoki na kimoja. Akachukua daftari lake la zahanati, akashika ukuta, akatoka kwenye baridi ya mwezi wa saba.

Goti liliumia mwezi wa pili, mvua zikiwa kali. Watu wa maji walichimba mtaro mbele ya nyumba za mtaa wa Kasolo, hapo Mufulira, wakalaza bomba nusu, wakaenda zao. Mvua ikaujaza, mtaro ukafanana na barabara. Bana Kaluba alikuwa anarudi kumfunza bi harusi. Akaukanyaga. Alisikia "ta!" ndani ya goti kabla maumivu hayajafika. Mtaro bado uko wazi hadi leo, majani yameota ndani.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kazi yake ilikuwa unachimbusa, ukungwi wa kwao. Wasichana wote wa Kasolo waliokuwa karibu kuolewa walipita mikononi mwake. Aliwafunza kupiga magoti wakimpa mume maji ya kunawa, kucheza ngoma kwa magoti mpaka pembe ya mkeka, kuzungumza na wakwe macho yakiwa chini. Kazi hiyo yote inafanyika chini, sakafuni. Tangu aumie, familia tatu zilimwita kwa aibu tu, ya nne ikamwita mwanamke mwingine kutoka mtaa wa pili. Bana Kaluba alisikia ngoma akiwa jikoni kwake, akazima moto chini ya sufuria ya ugali wa nshima kabla haijaiva, akakaa.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa mwili. Yeye alitumia dakika arobaini. Karani, Bwana Sichone, alimpa kipande cha kadibodi chenye namba kumi na saba bila kumtazama.

"Mama, wewe tena? Goti tena?"

"Ndilo nililo nalo, baba."

"Leo ni siku ya wajawazito na watoto. Magoti Alhamisi."

"Alhamisi iliyopita ulisema Jumanne."

"Basi kaa, lakini ukichelewa usinililie."

Kwenye benchi alimkuta Bana Musonda, jirani yake wa zamani, mjane anayeuza mboga na mwenye mdomo usio na mlango. Alikuja na kikohozi. Alichukua daftari la Bana Kaluba akalifunua ukurasa mmoja mmoja.

"Mwenzangu, mbona kurasa tano zote zimeandikwa sawasawa? Uzee, panadoli. Uzee, panadoli. Hata mwalimu angekuchapa kwa kunakili."

"Ndivyo tabibu anavyoniandikia."

"Ameligusa lakini? Amelikunja? Amelibonyeza?"

Bana Kaluba alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Atanigusaje? Si unajua ni Bwalya? Ni mkwe wangu yule. Amemwoa Mwansa wangu."

Bana Musonda akasahau kukohoa.

Hapo, mama mwenzangu unayesoma, ndipo pa kusimama ufikiri, maana kosa hili hulifanya walio wema. Kwa watu wa pale, mkwe na mama wa mke wake hawatazamani. Mkwe hali chakula mbele yake, hapiti alipo, sembuse kumwona goti. Hukaa hivyo mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia chakula rasmi na kumwingiza nyumbani. Hapo ndipo anakuwa mtoto. Wengine mjini wamelegeza. Lakini Bana Kaluba alikuwa nachimbusa. Akilegeza yeye, nani atakaza? Na chakula cha kumwingiza mkwe kilikuwa kipikwe mwezi wa tatu. Goti likawahi.

Kwa hiyo mara tano alizokwenda, aliingia chumbani kinyumenyume, akakaa sakafuni, mguu mbovu ameukunja chini yake kwa adabu huku jasho likimtoka. Bwalya, tabibu pekee wa zahanati ile kwa mwaka wa pili, aligeukia ukuta. Katikati alisimama Febby, mfagiaji, na ufagio wake.

"Muulize mama anaumwa wapi," alisema Bwalya.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Mwambie tabibu ni goti."

"Anasema goti."

"Mwambie mama ni umri."

Na Febby, aliyesoma mpaka darasa la sita, akawa ndiye daktari.

"Miezi mitano!" alisema Bana Musonda. Watu wa benchi wakageuka. "Miezi mitano unatibiwa na mtu ambaye hajauona ugonjwa! Kwa nini usiende hospitali kubwa?"

"Bila barua ya rufaa wanakurudisha getini. Na barua anaandika yeye."

"Basi aandike."

"Nilimtuma Mwansa amwambie. Akajibu fomu inataka aeleze alichokiona. Anasema hawezi kudanganya kwenye fomu."

"Ah! Kwenye daftari anaweza!"

Bana Kaluba alifunga daftari, akalipangusa jalada kwa kiganja kama lililomwagikiwa kitu. Jua lilipanda, watoto walilia, namba zikaenda. Saa sita kasoro Febby alitoa kichwa mlangoni. "Kumi na saba!"

Bana Kaluba akaingia uso mbele, si kinyumenyume. Bwalya, kijana mrefu wa miaka thelathini na mbili, aliinuka haraka akageukia ukuta, akatazama picha ya mbu iliyobandikwa pale. Febby akashika nafasi yake.

"Febby, mwanangu, pisha," alisema Bana Kaluba. "Nenda ukafagie."

Kisha akavuta kiti cha wagonjwa, kiti ambacho hakuwahi kukikalia mbele ya mkwe wake, akakaa. Akaweka mguu wa kushoto juu ya meza, kati ya kikombe cha kalamu na rundo la madaftari. Akafungua fundo. Akapandisha kitenge cha juu, akapandisha na cha chini, mpaka nusu ya paja.

"Mkwe. Tazama."

"Mama, tafadhali." Bwalya aliiambia picha ya mbu. "Febby! Mwambie mama..."

"Febby hayupo. Tazama huku. Ukuta hauna goti."

"Mama, watu watasema. Mwansa atasema nini?"

"Mwansa atasema mama yake anatembea. Wewe unadhani mimi sioni aibu? Nimefunza mabinti wa watu adabu hii miaka thelathini. Lakini adabu haikusema nife na goti moja. Leo sikuja kama mama wa mke wako. Nimekuja kama namba kumi na saba. Kadibodi hii hapa."

Nje mtoto alikuwa anadungwa sindano. Mwishowe Bwalya akageuka, nusu kwanza, macho yakiwa kwenye kalamu, halafu yote. Alipoliona goti, uso wake ulibadilika, aibu ikatoka, ikaingia kazi. Akanawa mikono. Akabonyeza pembeni mwa kifuniko cha goti, maji yakahama ndani ya ngozi kama yaliyo kwenye mfuko. Akakunja mguu taratibu. Ukafika mahali ukakwama, Bana Kaluba akang'ata kitenge. Akapima mapaja mawili kwa utepe. La kushoto lilikuwa limekonda.

"Huu siyo uzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu. Mwezi wa tatu ulisema kwa nguvu."

"Siyo uzee, mama. Kuna kitu kimechanika ndani. Inatakiwa eksirei, na daktari wa mifupa. Na hukutakiwa kupiga goti hili hata siku moja." Akafuta uso kwa mkono. "Ningeliona mwezi wa pili... Nisamehe."

"Andika kwanza. Msamaha haunipitishi getini."

Akaandika fomu pande zote mbili, na yote aliyoandika alikuwa ameyaona.

Ilibaki muhuri. Bwana Sichone aliitazama fomu, akaisukuma nyuma kwa kidole.

"Muhuri wa rufaa uko kwa mkuu wa zahanati. Mkuu yuko kwenye semina. Njoo Ijumaa."

"Ijumaa mkuu atakuwepo?"

"Ijumaa ndiyo tutajua."

Bana Kaluba aliitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye benchi la korido, mahali korido inapobana kuelekea ofisi na dawa, akakaa, akanyoosha mguu mpaka kisigino kikagusa ukuta wa pili. Akapandisha vitenge. Goti likakaa pale peupe, limevimba, linang'aa.

Mzee mmoja aliyetoka kuchukua dawa akalifikia, akageuka haraka akatazama dari. Mwingine akasimama nyuma yake. Foleni ya wanaume ikakwama, wote wakisoma dari.

"Mama! Funika!" Bwana Sichone alitoka nyuma ya dirisha lake. "Wewe ni nachimbusa! Unawafunza nini watu?"

"Nawafunza goti. Tabibu ameliona, sasa nanyi lioneni."

"Hapa ni ofisi ya serikali."

"Na goti ni la raia. Ruka upite, baba. Ama lete muhuri."

"Ruka, bwana karani!" alisema Bana Musonda. "Ukiruka vizuri tutakupigia vigelegele." Wajawazito wakacheka wameshika matumbo. Mmoja wao, bila kuambiwa, akanyoosha na yeye mguu wake.

Muhuri ulitoka kwenye droo ya Bwana Sichone mwenyewe, chini ya gazeti. Akapiga fomu kwa nguvu kama anayeua mende. Halafu akafungua kitabu cha miadi, akapitisha kidole, na sasa alikuwa na kitu cha kufurahia.

"Daktari wa mifupa anaona wagonjwa wa rufaa siku moja kwa mwezi. Nafasi ya karibu ni tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja."

Bana Kaluba alihesabu kwenye vidole: wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja.

"Andika," alisema.

Akachukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani. Akafunga goti mbele ya wote, pole pole, mizunguko minne. Kisha akamuuliza karani, kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani:

"Baba, korido ya hospitali kubwa ina upana gani?"

"Pana sana ile. Vitanda viwili vinapishana. Kwa nini?"

"Basi sitakwenda kesho peke yangu," alisema Bana Kaluba, na akamtazama Bana Musonda, ambaye alikuwa ameshaanza kujifunga kitenge chake vizuri.