Paka Amehama

Paka ndiye aliyehama kwanza. Siku zote alilala chumbani kwa Jenerali, kidevu amekilaza juu ya chaja ya laptopu, lile tofali jeusi lenye uvuguvugu ambalo kwake lilikuwa bora kuliko mto. Wiki ile akaonekana sebuleni, chini ya meza ya mama, amejikunja kama mwenye nyumba. Mshonaji wa nyumba hiyo, anayeitwa Kimya, alimwona, kama anavyoona mambo mengi humo ndani, akaendelea kupiga pindo.

Jenerali ni kaka yake. Cheo hicho alijipa mwenyewe kwenye gemu, na nyumbani wakakikubali kwa kumcheka, maana hajawahi kuongoza hata kuku kuingia bandani. Ila kwenye gemu ana jeshi, na jeshi hilo lilikuwa na shindano Jumamosi mchana. Baba, ambaye ni seremala na hupima maneno kama anavyopima mbao, alishatamka: akishinda, aachwe na mambo yake, akishindwa, Jumatatu apande basi kwenda kwa mjomba kupakia saruji.

“Na chumba achukue Kimya,” baba akamalizia, kama mtu anayepigilia msumari wa mwisho.

Wengine waliliona ni neno la nyongeza tu. Kwa Kimya, hiyo ndiyo ilikuwa hotuba nzima. Cherehani yake ilikaa kwenye korido, kati ya ndoo za maji na mlango wa choo, chini ya balbu inayopepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi. Kila aliyebanwa na haja alimpiga kikumbo akipita, na mshono ukaenda upogo. Chumba cha kaka kilikuwa na dirisha kubwa la upande wa jua. Kaka alikuwa amelifunika kwa pazia zito mwaka mzima, eti mwanga unamharibia kioo.

Basi laptopu ikaanza kugoma. Ukitazama picha, haina neno. Vita vikianza, askari wanatembea kama wazee wanaotafuta miwani. Jenerali aliangalia waya: umechomekwa. Akaangalia taa: inawaka. Akaapa kwamba umeme upo na tatizo haliko kwenye umeme. Akafuta programu hizi na zile, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akaiinua laptopu juu ya sufuria mbili zilizofunikwa ili ipate hewa chini, na siku hiyo familia ikachelewa kula. Kila alipoiwasha, kijisanduku cha maandishi kilijitokeza pembeni mwa kioo. Alikifunga bila kukisoma. Alisema vijisanduku ni vya watu wasiojua kompyuta.

Akaitwa fundi wa mtaani, ambaye watu humwita Fundi Virusi kwa sababu hajawahi kutaja ugonjwa mwingine. Akasema ni virusi. Akafuta kila kitu, akarudisha kila kitu, na askari wakaendelea kutafuta miwani. Fundi akakuna kichwa, akasema basi ni virusi sugu, akaaga.

Kesho yake Kimya alikuwa anafagia chini ya meza ya mama. Akamsukuma paka kwa ufagio, paka akagoma, akamwinua. Chini yake kulikuwa na lile tofali, limechomekwa kwenye kilaptopu cha mama cha kuandikia barua za ofisini.

“Mama, hii si chaja ya kaka?”

“Ilikuwa yake,” mama akasema bila kuinua macho. “Nilipofanya usafi nikazikuta zote mbili kwenye kapu la nyaya. Yake kubwa, yangu kama kipande cha sabuni. Mtoto awe na chaja kubwa kuliko mama yake, hiyo ni adabu ya wapi? Nikajaribu, mdomo ni mmoja, zote zinaingia. Nikachukua kubwa.”

Kimya hakushangaa. Katika nyumba ile, hata nyama hugawiwa hivyo.

Akaelewa mara moja. Laptopu ya kaka ilikuwa punda wa kubeba mizigo aliyepewa chakula cha sungura: hafi, lakini kukimbia hawezi. Akafungua mdomo. Kisha akaliona akilini lile dirisha la kaka, akaufunga. Jioni, kaka alipokwenda kuoga, aliingia chumbani kwake na futi ya kushonea, akapima upana wa dirisha na mahali pa kuweka cherehani. Wakati wa chakula mama alimsifu kwa utulivu wake, akamwambia Jenerali aige. Kimya akainamia sahani.

Jumamosi asubuhi Jenerali akaja kwenye korido. Safari hii hakupiga kikumbo. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akamwekea suruali kuukuu juu ya cherehani.

“Nitilie viraka magotini, mdogo wangu. Ya kwenda nayo kwenye saruji.”

“Shindano bado.”

“Shindano gani? Jeshi langu linauawa likiwa linafunga kamba za viatu.” Akacheka, lakini kicheko kikamwishia njiani. “Na huyo paka umlishe, ingawa ni msaliti.”

Kimya alishona goti la kwanza. La pili sindano ikakatika. Akainuka, akaenda sebuleni, akamhamisha paka aliyekuwa akinung'unika, akachomoa tofali na kuuviringisha waya wake. Alipoingia chumbani, kaka alikuwa gizani mbele ya kioo, anakifunga kile kijisanduku tena.

“Mama alizibadilisha chaja,” akamwambia. “Hiyo yako ya sasa haina nguvu ya kutosha. Hicho kijisanduku ndicho kinachokwambia kila siku.”

Jenerali akatazama kile kipande cha sabuni kilichochomekwa, akatazama tofali, akanyoosha mkono. Kimya akarudi nyuma hatua moja, tofali amelikumbatia kifuani.

“Lete basi.”

Hakuleta.

“We Kimya, unataka nini? Sema.”

Miaka yote akiulizwa hivyo jibu lake lilikuwa hamna kitu. Akalifikia pazia, akalivuta, na jua likaingia lote kwa pamoja, kaka akafumba macho.

“Gemu halihitaji dirisha,” Kimya akasema. “Hata ukishinda, nataka chumba hiki. Wewe kacheze kwenye korido.”