Vipimo vya Suti Saba

Basi lilikuwa limeshazipita nyumba za mwisho za mji, nami nimekaa dirishani, daftari la vipimo kwapani, nawahesabia dakika watu wa dukani. Saa nne watanipigia, nilijisemea. Ikizidi sana, saa tano.

Nilikuwa mpimaji kwenye duka la ushonaji la mdogo wangu kwa miaka tisa, muda mrefu kuliko niliowahi kukaa mahali pengine popote. Nikimzungushia mtu tepu, natangaza kwa sauti: kiuno thelathini na nne, bega kumi na nane. Duka zima lisikie nani fundi. Kisha naandika daftarini kwa alama nilizozibuni mwenyewe, asizisome mtu, ili mkataji akitaka kukata aje kwangu kuniomba.

Mdogo wangu akaoa. Shemeji akaja na simu yake na programu inayoweka kumbukumbu za duka mtandaoni. Nguo ikiwa tayari, mteja anapata ujumbe. Basi wote wakahamia kwake. Mpishi wa hoteli, niliyempima tangu hana kitambi, alinipita mlangoni kama vile mimi ndio mlango, akaenda kumsalimia yeye. Mdogo wangu naye, kila neno, "mke wangu amesema." Wivu ulinikaa kama sindano chini ya ukucha.

Wiki ile bwana harusi na wapambe wake sita walikuwa wanangoja suti za Jumamosi. Nilikuwa nimewapima wote juzi, na vitambaa havijaguswa. Nikabeba daftari langu, nikatoka bila kuaga. Anayeringia simu, akate kwa simu.

Saa nne na nusu simu ikaita. Niliiacha mpaka mke wa mdogo wangu alipopiga tena, apate adabu.

"Shemeji, umesahau miwani yako. Tukutumie wapi?"

Nilingoja aniombe vipimo. Akauliza tena miwani itumwe wapi. Ikabidi niulize mimi suti zimefika wapi.

"Mkataji yuko kwenye ya nne."

"Kwa vipimo vya nani? Daftari ninalo mimi."

"Si ulivitaja mwenyewe? Miaka miwili hii, wewe ukitangaza mimi naingiza kwenye programu. Na sauti yako hiyo, shemeji, hata jirani angeandika." Alicheka kidogo, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. "Hata huko uliko unaweza kuvifungua. Nikupe neno la siri, utafute cherehani, tuendelee kufanya kazi pamoja?"

Nikamwambia simu yangu ni ya kitochi, haiwezi mambo hayo. Nikamtajia stendi ya kutuma miwani, nikakata.

Suti saba zilitoka Ijumaa. Mdogo wangu na mkewe wana maduka mawili sasa, katika miji miwili. Mteja akipimwa huku, nguo inaweza kukatwa kule. Mkataji ndiye msimamizi wa lile la pili. Mpishi amenenepa, wamempima upya. Miwani ilinifikia baada ya siku nne. Mimi nimehama miji mitatu tangu hapo, na siku hizi nashona mapazia.