Mita Thelathini

Mpimaji alirudi kinyumenyume kutoka kwenye kijito, utepe ukifunguka mkononi mwake. Alikanyaga sukuma, akakanyaga mrenda, akapita katikati ya nduma, akasimama mgongo wake ulipogusa ukuta wa choo. Mwenzake alichomeka kigingi chekundu, akakigonga kwa nyundo mara tatu.

"Hapa ndio thelathini," mpimaji alisema.

Wilkista Nangila alikuwa ameegemea jembe lake. Alikitazama kigingi, kisha akatazama chini mtoni.

"Sasa shamba langu limeenda upande gani?"

"Yote ni ya mto, mama. Choo ndio imebaki yako."

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Wangila, mumewe, alilinunua mwaka walipohama kutoka Bungoma kuja upande huu wa Kiminini, na alipokufa alimwachia vipande viwili: cha juu cha mahindi na hiki cha ukingoni. Cha juu kilikuwa kimemsaliti misimu miwili mfululizo. Mvua ilichelewa hadi Mei, ikaja kwa hasira, ikapotea mahindi yakianza kutoa ndevu. Ukingoni ndiko kulikobaki na unyevu. Nduma zake zilijulikana sokoni Kitale. Ndizo zilizompeleka Joan, bintiye wa pekee, Chuo Kikuu cha Kibabii, ambako sasa alikuwa mwaka wa tatu akisomea mazingira.

Joan alikuja nyumbani Ijumaa hiyo. Habari za vigingi alikuwa nazo kabla ya kuviona. Mradi wa Kingo za Kesho, uliokuwa ukiweka vigingi hivyo ili upande mianzi mita thelathini kandokando ya kijito, ulikuwa umemchukua awe mkalimani katika kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, kwa sababu alijua Kibukusu na Kiingereza kilichonyooka.

Walikaa jikoni wakimenya nduma.

"Mama, huu mto unakufa," Joan alisema. "Nikiwa mdogo nilikuwa naogelea hapa. Saa hii maji inafika kwa kifundo cha mguu tu. Tukilima mpaka kwa maji, udongo wote unaingia ndani."

"Kwani ni nduma zangu zinakunywa mto?"

"Sijasema ni zako peke yake."

"Basi sema ni za nani. Miti ya bulugamu ya Injinia Wekoye huko juu imesimama na miguu ndani ya maji. Na ile pampu yake ya kumwagilia maua. Hiyo umeandika kwa kitabu?"

"Nimeandika. Mwalimu alisema ni kazi nzuri."

"Na Injinia alisomewa?"

Joan aliokota nduma nyingine akaendelea kumenya.

Kikao kilifanyika Jumanne katika ukumbi wa kanisa. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza daftari la jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Aliyetia sahihi alipewa soda na mkate. Wilkista aliandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akachukua soda yake akaenda kukaa karibu na jirani yake Nyaruai, ambaye kipande chake cha viazi nacho kilikuwa kimemezwa na vigingi.

Msimamizi wa mradi aliitwa Rosaline. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, na hakumkatiza mtu kwa ukali hata mara moja.

"Tabianchi haichagui maskini na tajiri," alisema. "Kila mmoja wetu lazima afanye sehemu yake."

"Ati kila mmoja?" mwanamume aliyekaa nyuma alisema. "Wenye viwanda huko ng'ambo wameitiwa kikao kama hiki? Na wao wamepewa mkate?"

Watu walicheka. Kipngeno, mfugaji wa bondeni, hakucheka. Alisimama na kofia mkononi.

"Nyinyi mnacheka. Mimi ng'ombe wangu wanalamba matope. Wa juu wanalima mpaka kwa mto, sisi wa chini tunaachiwa mawe. Watoke! Hiyo ndio maoni yangu."

"Tutoke twende wapi, bana?" Nyaruai aliuliza bila kusimama. "Mimi sikatai miti. Babangu alikuja hapa akapata msitu, akaukata, nakubali. Lakini si yeye peke yake alikata. Mbona adhabu imekuja kwa kaploti kangu?"

Injinia Wekoye aliinuka kwenye kiti cha mbele. Alikuwa amestaafu kazi ya barabara, na shamba lake lilianzia juu kwenye daraja. "Mimi nimepanda miti elfu sita," alisema. "Hakuna mtu alinituma. Nyinyi mmepandia nchi hii nini?"

Hapo ndipo Wilkista aliposimama. Alizungumza Kibukusu, maana kwa Kiswahili hasira yake ilikuwa ikimkwama. Alipomaliza, Joan alitazama karatasi yake, kisha akatazama watu.

"Anasema yeye hana gari wala kiwanda. Moshi wake ni wa jiko. Anasema miti ya Injinia iko ndani ya maji na inakunywa usiku na mchana, na hakuna kigingi pale. Anasema kama ni lazima atoe shamba, apewe lingine kwanza. Na vigingi vianzie juu."

"Asante sana, mama," Rosaline alisema. "Kwa ufupi, mama anaunga mkono ila ana ombi."

"Hapana, madam. Anakataa."

"Joan, tafadhali, muda wetu unaisha."

"Na hiyo bulugamu?" Nyaruai alipaza sauti.

Rosaline alieleza bila haraka, kama mwalimu. Kwa vipimo vya mradi, miti ni miti. Setilaiti ikipiga picha pale inaona kijani, kwa hiyo pale tayari ni msitu.

"Na nduma si kijani?" Wilkista aliuliza.

"Nduma ni chakula, mama. Haihesabiwi."

Miezi miwili baadaye Joan alileta nyumbani nakala ya ripoti. Alimsomea mama yake ukurasa wa tisa: wananchi mia moja arobaini na watatu walishiriki kikao na kuridhia mpango. Nyuma ya ripoti zilibanwa kurasa za daftari la mlangoni. Wilkista alizifunua mpaka akaliona jina lake, kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii ni ya soda," alisema.

"Najua, Mama."

"Waambie hii ilikuwa ya soda."

Joan aliandika barua. Haikujibiwa. Aliandika ya pili, akaambatisha tafsiri ya maneno yote ya mama yake. Hiyo ilijibiwa: mradi ulimshukuru kwa mchango wake na kumkaribisha kuomba kibarua.

Novemba wakaja watu kumi na mapanga. Wengine walikuwa majirani. Wilkista alimwomba nyapara wao amwachie nduma mpaka Januari zikomae. Nyapara alipiga simu, akaweka sauti ya juu ili mama asikie mwenyewe.

"Samahani sana, mama," sauti ya Rosaline ilisema. "Najua inauma. Lakini wafadhili wana ratiba yao."

Walifyeka mpaka saa saba. Wakati wa kung'oa, jirani mmoja alisema, "Tusamehe, Mama Joan, ni kazi tu," naye Wilkista akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mke wa jirani huyo alikuwa mjamzito na yeye alilijua hilo. Aliokota nduma zilizotupwa. Zilikuwa na unene wa kidole gumba. Alizichemsha jioni yote na bado ziliwasha ulimi.

Januari Joan hakurudi Kibabii. Alichukua kibarua cha mradi. Kila mche wa mwanzi ulipewa kibao chenye namba, na kazi yake ilikuwa kuupiga picha kwa simu kila wiki na kuituma picha hiyo asikokujua. Wilkista hakumlaumu. Alimwachia uji kwenye sufuria asubuhi, naye akaenda kutafuta vibarua vya kupalilia, ambavyo mwaka huo havikuwapo.

Katikati ya Februari kijito kilikatika. Pampu ya Injinia ilinyonya dimbwi la mwisho mpaka ikakohoa matope. Ng'ombe wa Kipngeno walipanda kutoka bondeni kutafuta maji, wakafika kwenye vigingi, wakafukuzwa. Majani ya mianzi yalianza kujikunja.

Wafadhili walitarajiwa Alhamisi kuja kuiona mianzi. Jumatano likaja lori la maji kutoka mjini.

Wanawake walilisikia kabla halijateremka. Walikuja na mitungi, wakajipanga bila kuambiwa. Askari wa mradi alikuja akasimama mbele yao.

"Haya si ya watu. Ni ya mianzi."

"Tuchote kidogo tu," Nyaruai alisema. "Si mtabaki nayo."

"Yamepimwa, mama. Kila mche na lita yake."

Mpira ulifunguliwa. Maji yalipita kwenye vishimo kimoja baada ya kingine, na wanawake waliyafuata kwa macho. Askari alipozunguka nyuma ya lori, Wilkista aliteremka na kikombe cha bati, akachuchumaa kwenye mche wa mia mbili na kumi na mbili. Kishimo kilikuwa kimejaa. Alichota, akamimina mtungini, maji na udongo pamoja. Akachota tena.

Miguu ya mtu ilisimama kando yake. Alikuwa Joan, simu mkononi. Nyuma yake nyapara alikuwa akihesabu miche na kumwita aharakishe.

"Mama," Joan alisema kwa Kibukusu, polepole. "Sogea kidogo. Kivuli chako kinaingia kwenye picha."

Wilkista alisogea. Joan alipiga picha, akaitazama, akaituma, akaenda kwenye mche wa mia mbili na kumi na tatu.

Mama yake alipoinama tena na kikombe, maji yalikuwa yameshazama.