Sauti ya Mzee Kiptum na Diski Nne

Mashine ilipoletwa kwenye redio ya Kimulot miaka mitatu iliyopita, aliyeitetea mbele ya bodi alikuwa Winny Chelangat. Alikuwa na miezi miwili tu tangu amalize chuo kikuu, na aliamini kila neno alilotamka. Aliwaeleza kwamba ndani ya sanduku lile mlikuwa na diski nne zinazosaidiana, na kwamba moja ikifa, tatu zilizobaki zinakumbuka kila kitu ilichokuwa imebeba.

"Hakuna sauti ya mzee hata mmoja itakayopotea tena," alisema.

Wanabodi wakapiga makofi. Sauti zote zilipokwisha kuhamishiwa humo, meneja, Gibson, akaamuru kanda zote za zamani zichomwe, maana zilikuwa zimejaza chumba ambacho kingefaa kuwa ofisi yake.

Diski moja ilikufa mwezi huu. Winny alipeleka habari siku hiyohiyo.

"Redio iko hewani?" Gibson aliuliza.

"Iko."

"Vipindi vinacheza?"

"Vinacheza, boss, lakini sasa tumebaki na..."

"Basi haijaharibika. Kitu kikiharibika husimama."

Ubaya wa mashine ile ni kwamba ilikuwa imetengenezwa vizuri mno, ikawa inakufa bila kumsumbua mtu. Bodi ilichukua wiki tatu kukubali kwamba kitu kinachofanya kazi kinahitaji diski mpya.

Wiki hizo tatu Winny alitembea na ahadi moja kifuani. Kogo Janeffer, yaani nyanya Janeffer kwa lugha ya huko, alikuwa mjane wa Mzee Kiptum, mzee aliyezungumza redioni kila Jumapili jioni kwa miaka minane, habari za koo, za mvua na za ng'ombe. Mzee alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii jamaa zake wangefanya ibada ya kumkumbuka. Kogo aliomba kitu kimoja tu, sauti ya mume wake. Hakuwa nayo nyumbani. Winny angeweza kuinakili siku ileile aliyoombwa, lakini aliona si utu kuichokesha mashine mgonjwa. Acha ipone kwanza, alijiambia.

Diski mpya ilifika Jumatano. Alhamisi saa moja asubuhi aliichomeka mahali pa ile iliyokufa, na mashine ikaanza kujijenga upya, ikisoma zile tatu ili kuijaza ya nne. Winny akabandika karatasi juu yake: USIGUSE. Kufikia saa nane mchana ilikuwa asilimia hamsini na nane, na alikuwa ameitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Hapo ndipo stima ilipopotea. Winny hakushtuka. Mashine ilichomekwa kwenye UPS, betri iliyonunuliwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na taa zake ziliendelea kumeta.

Dakika chache baadaye Kogo Janeffer aliingia, leso yake imelowa mvua.

"Nimekuja kuuliza tu kama mzee ako tayari," alisema.

"Kesho, Kogo. Kesho nakuletea mwenyewe." Winny alimvutia benchi, kisha akamgeukia Jackton Obonyo, msoma taarifa aliyetoka pande za ziwani. "Jackton, mgeni ameingia na mvua hii na unamwangalia tu? Ama kwenu mgeni anaonyeshwa ziwa, anaambiwa chota unywe?"

"Kwetu mgeni anapewa samaki mzima, madam. Nyinyi mnampikia majani."

Kogo alicheka. "Samaki ina mifupa, kijana. Mimi nimebaki na meno matatu."

"Gesi iliisha Jumatatu," Jackton alisema.

"Tafuta njia," Winny alimjibu, macho yake yakiwa yamesharudi kwenye asilimia.

Katika vilima vile mtu anaweza kusamehewa mambo mengi, lakini mgeni akitoka kwako bila chai, kanisa zima litajua kufikia Jumapili. Jackton alikuwa ameishi huko miaka sita na alilijua hilo. Alichukua birika la umeme, akatafuta soketi, na jengo zima lilikuwa na soketi moja tu iliyo hai, ya UPS. Hiyo haikuwa imebandikwa karatasi.

Birika lilinguruma kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. UPS ikapiga mluzi mmoja mrefu, kisha kukawa kimya kama cha sokoni wakati kinu cha mahindi kinapozimwa.

"Sikugusa mashine," Jackton alisema, na ilikuwa kweli.

Stima ilirudi baada ya nusu saa. Mashine iliwaka, lakini moja kati ya zile diski tatu za zamani ilianza kulia, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Gibson alitoka ofisini kwake.

"Bonyeza iendelee kujijenga. Si ndiyo maana tuliitisha diski?"

"Boss, ikijijenga itasoma hii inayolia kutoka mwanzo hadi mwisho, na haitafika. Ikifa na hii, mbili peke yake hazikumbuki kitu. Wacha nitoe sauti kwanza, niziweke kwa kompyuta ya studio."

"Sawa. Anza na folda ya bodi. Kuna hotuba yangu ya siku ya uzinduzi."

Hotuba ile ilihusu umuhimu wa kuhifadhi sauti za wazee, na ilikuwa ya dakika tisini.

Winny alimtazama Kogo. Mama mzee alikuwa ameketi benchini, mikono juu ya magoti, bado bila chai. Mambo ya mashine hakuyajua, lakini nyuso alizisoma.

"Mtoto wangu," aliuliza polepole, "ni Kiptum anakufa tena?"

Winny alianza na folda ya Mzee Kiptum.

"Nitaandika barua kwa bodi," Gibson alisema nyuma yake.

"Andika, boss."

Vipindi vilitoka kimoja kimoja, kwa shida. Kilipopita cha arobaini na moja, mlio ulikoma, na kioo kikaandika kwamba hakuna kitu cha kusoma. Vipindi vingine vya Mzee Kiptum vilikwenda. Wazee wengine zaidi ya mia tatu walikwenda. Hotuba nayo ilikwenda.

Winny alilia bila sauti. "Kogo, nimepata vipindi vyake arobaini na moja. Wazee wengine wote wamepotea. Ni mimi niliwaambia watu kwamba hawawezi kupotea."

"Mlikuwa mmewaweka wapi?"

"Hapa. Diski nne, Kogo."

"Nne, ndiyo. Na nyumba moja, na waya moja." Kogo alitikisa kichwa. "Na mlikuwa mnamrudia Kiptum hewani kila wiki. Hamkuwa mnamsikiliza?"

Jumamosi, kwenye ibada, Kogo alichagua mwenyewe kipindi cha kuchezwa. Mzee alikohoa kwanza, kama kawaida yake, kisha akaeleza desturi ya kimanagan: jinsi watu wa zamani hawakufuga ng'ombe wote kwenye boma moja, bali walipeleka wawili kwa rafiki wa kule Merigi, watatu kwa rafiki wa kule Chepilat, ili ugonjwa ukiingia kilima kimoja mtu asiamke maskini. Wanabodi, waliokaa viti vya mbele, waliitikia kwa vichwa. Gibson aliandika kwenye daftari.

Kogo akasimama. "Nani hapa ana sauti ya mzee wake kwa simu?"

Mkono mmoja uliinuka, kisha mitano, kisha Winny akashindwa kuhesabu. Kina mama walikuwa wamerekodi vipindi kutoka redioni miaka yote hiyo, ili wawatumie watoto wao walio Nairobi na Qatar. Redio haikuwa imewahi kuwauliza.

Gibson alikuja mbio, uso ukimng'aa. "Winny, kusanya zote. Jumatatu tunaagiza mashine ya diski nane. Kila kitu tukiweke pamoja, salama."

"Ndiyo, boss," Winny alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa akiandika majina ya wenye simu, na mbele ya kila jina aliandika jina la nyumba nyingine, ya kilima kingine, itakayotunza nakala.