Raba Zilizonizoea Mapema Mno

Pale ghalani naitwa Mabano. Miguu yangu ni matege, na nikisimama langoni mikono nyuma, dereva wa lori anaona duara lililokaribia kufunga. Jina lenyewe halinikeri. Kilichonikera ni kupitwa mara mbili kwenye cheo cha mkuu wa zamu, eti kwa sababu mbio zinanishinda. Miaka tisa nalinda lango lile, najua kila lori na kila ujanja wa dereva, halafu cheo anapewa mtu aliyeajiriwa juzi, ambaye hata kufuli la geti dogo linamtoa jasho!

Sharti lilikuwa moja: kuzunguka ghala mara sita ndani ya dakika kumi na nane. Mkuu wa ulinzi husimama kivulini, saa mkononi, kalamu sikioni. Pumzi ninayo, mapafu yangu hayana neno. Ila kila nikifika kona ya mzunguko wa nne, mguu unalalia nje, kifundo kinawaka moto, naanza kuchechemea.

Safari ya tatu niliapa kwenda na raba za maana. Dukani nilikuta za bei ya nusu mshahara, nikazishika kidogo, nikazirudisha taratibu kama mtoto wa wenyewe. Nikaishia kwenye mitumba. Nilipekua rundo mpaka mgongo ukauma, ndipo nikazipata: za kijani, kamba nzima, juu hazina hata mkwaruzo. Nilipozivaa, lo! Ziliukubali mguu palepale. Kiatu chochote kipya kwangu hunisumbua wiki nzima, lakini hizi ni kama nilikuwa nazo tangu mwaka jana. Nililipa haraka, muuzaji asije akabadili mawazo.

"Zimenizoea kabla sijazizoea," nilimwambia dada yangu huku nikimzunguka sebuleni.

"Mwaka huu mtu atakoma," alinijibu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Siku ya jaribio hata sikufika mzunguko wa nne. Wa tatu tu, mguu wa kulia ukapinduka, nikaenda chini puu mbele ya zamu nzima. Mkuu wa ulinzi akasimamisha saa.

"Pole, Mabano. Jaribio jingine ni baada ya miezi miwili. Ila nikushauri tu, kaa langoni. Ndiyo saizi yako."

Nilitamani kumpa vidonge vyake, lakini nilikuwa bado nimekaa chini, nikameza. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na hayakuwa maumivu. Ilikuwa hasira.

Kifundo kilipopoa, wiki ya tatu, nilizipeleka zile raba kwa fundi viatu aliye nyuma ya kituo cha mafuta, azichukue kwa bei yoyote, nisizione tena. Huyo fundi ni mama mwenye misumari midomoni na maneno makali kuliko misumari yenyewe. Juu ya kiatu hakupatazama. Alikigeuza, akakisimamisha mezani, akaniita nikitazame kwa nyuma.

Kilikuwa kimelala. Kisigino kimelika upande wa nje, upande wa ndani bado mzima.

"Lakini nimezivaa siku kumi tu, dada!"

"Najua. Aliyekutangulia ana miguu kama yako. Kazivaa mpaka zikainama, na wewe ukazipenda kwa sababu zimeinamia upande wako." Alitema msumari kiganjani. "Mdogo wangu, umenunua ugonjwa wako mwenyewe, tena kwa pesa taslimu."

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kumbe ndiko kuzoeana kwenyewe!

Akanimwagia maji unyayoni, akanikanyagisha kipande kikavu cha boksi. Kisigino kikatokea, vidole vikatokea, na katikati uzi mwembamba tu, upande wa nje.

"Unyayo wako umepinda juu, uzito wote unashukia nje. Wauzaji watakusukumia raba zenye soli ngumu upande wa ndani. Achana nazo, hizo ni za wanaolalia ndani, wewe zitakumwaga kabisa. Tafuta soli nene, laini, inayokunjika kwa mkono. Na isimame wima mezani. Hayo mengine waachie wenye pesa."

Nilirudi kwenye mitumba na ubao wangu wa kukatia mboga kwapani. Muuzaji alidhani nimepotea njia ya jikoni. Jozi moja moja niliiweka juu ya ubao, nikachuchumaa, nikaitazama kwa nyuma. Watu walijaa kunishangaa, nami sikujali. Ya ishirini na tatu ilisimama wima: zambarau iliyopauka, kamba moja nyeupe, nyingine nyeusi. Bei yake haikufika hata nusu ya zile za kijani. Mguuni zilinikaa kigeni, nikafurahi.

Nikajinoa kila asubuhi kabla ya zamu. Siku ya jaribio, kona ya mzunguko wa nne ikaja, nikangoja moto. Haukuja. Wa tano, kimya. Wa sita nilichanja mbuga, na zamu nzima inapiga kelele, "Mabano! Mabano!" Dakika kumi na sita na nusu! Mkuu wa ulinzi aliigongagonga saa, akaiweka sikioni, mwishowe akakata jina alilokwisha kuliandika na kuandika langu. Nilipiga kigelegele mimi mwenyewe, bila kungoja mtu.

Asubuhi yangu ya kwanza kama mkuu wa zamu niliwapanga walinzi wangu mstari mmoja langoni.

"Inueni mguu, nione soli!"

Nikapita nyuma yao mmoja mmoja. Mkuu wa ulinzi alikuwa akipita, wakaanza kunong'ona, "Na bosi je?" Akacheka, akashika ukuta, akainua wake. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani.

"Wewe unalalia ndani, mkuu," nilimwambia. "Ndiyo maana magoti yanakulilia kwenye ngazi. Nenda kwa fundi, nyuma ya kituo cha mafuta. Mwambie umetumwa na Mabano."

Akatoa kalamu sikioni, akaandika.