Mtani wa Kaliua Amenyamaza

Bibi yangu Bertila alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa kwenda kulia msiba Kaliua. Marehemu, kwa maelezo yake, ni Mzee Tobias, mtani wake Mgogo, aliyemtukana kwenye kipindi cha salamu redioni kila Jumamosi mchana tangu kabla sijazaliwa. Simu hana; salamu zake hupeleka kwa kadi.

"Elieth, mtani mwenye uhai hawezi kunyamaza wiki zote hizi."

"Bibi, redio inanguruma tu. Utamsikiaje?"

"Asubuhi inasema vizuri. Mchana inanguruma. Hata yenyewe inaomboleza."

Mimi, msomi wa kidato cha tatu aliye likizoni na bingwa wa kuficha kengele ya bweni, nikafanya uchunguzi mzito: nikaegesha sikio ukutani. Kiyoyozi kipya cha jirani yetu, Bibi Parin, kikiwaka, redio inanguruma. Kikizimwa, inatulia.

"Usithubutu kumwambia!" Bibi akafoka. "Parin moyo unamsumbua, na joto hili la Oktoba! Mwache apoe. Nitapanda treni."

Kwa magoti yale? Nilithubutu.

"Shikamoo, Bibi Parin. Nimetumwa na serikali ya redio uzime kiyoyozi."

"Marahaba. Serikali yako ina miguu michafu. Itoke kwenye zulia langu."

Nikamweleza kila kitu, safari hii bila serikali. Alibonyeza rimoti, akachukua pepeo lake na kuniegemea begani mpaka barazani kwetu.

"Parin! Utaugua!"

"Nimekuja kukaa na wewe, Bertila. Habari kama hii haisikilizwi peke yako."

Redio ilikuwa safi kabisa. Mtangazaji alisoma salamu za Nzega, za Urambo, za Ziba. Bibi alikumbatia mzigo wake. Mimi nilimpepea Bibi Parin.

"Tobias wa Kaliua anamsalimu mtani wake Bertila wa Gongoni, mla michembe ya viazi. Anasema amekutukana wiki zote hizi, hujibu. Kama umekufa, umjulishe, aje ale ng'ombe wa matanga."

Bibi alicheka, akalia, akajifuta kwa khanga, akacheka tena. Bibi Parin akamshika mkono.

"Mjibu basi, naye asije akafunga mzigo."

"Elieth, lete simu, waandikie redioni," Bibi akasema huku akivuta kamasi. "Mwambie huyo mla mlenda kwamba ni kweli nimekufa, na ng'ombe nimemla mwenyewe."